WhatsApp kwa wabishi wa siasa: tathmini kutoka Mwaloni

Kama unatafuta mahali pa kubishana siasa kwa Kiswahili usiku, na asubuhi umuuzie gunia la dagaa yuleyule uliyebishana naye, WhatsApp inafaa kuliko mtandao mwingine wowote niliowahi kuutumia. Sababu yangu ni moja: ujumbe wa sauti. Wengi husifia stika, wengine video. Mimi nasifia ile alama ya kipaza sauti iliyo pembeni mwa sehemu ya kuandikia, ambayo mtu anaibonyeza akaongea kama alivyo.

Niko Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, kwenye dagaa, na ni mmoja wa maadmini wa grupu la wauzaji na wanunuzi. Grupu lilianzishwa kwa ajili ya mzigo: nani ana dagaa waliokauka vizuri, mvua imenyesha kisiwa gani, lori la kwenda wapi lina nafasi. Siasa iliingia yenyewe. Huwezi kuzungumzia bei ya dagaa ukaacha ushuru, vizuizi vya barabarani na leseni za uvuvi, na ukishafika hapo umeshafika bungeni. Ndani tuna wenye mitumbwi wa Ukerewe, Ukara na Kome, akina mama waanikaji, madalali wa hapa Kirumba, vijana wachache waliohamia Dar, kaka mmoja wakala wa mizigo pale Sirare mpakani, wanunuzi wa Kisumu, na Wakongo wanaopeleka mzigo hadi Lubumbashi.

Wote hao wanaongea Kiswahili, na hakuna wawili wanaoongea kimoja. Bidhaa yenyewe tu ina majina ya kutosha kuwasha moto: sisi tunasema dagaa, wa Kisumu anasema omena, Mganda akipita anasema mukene. Sangara wetu kwao ni mbuta. Mkenya akiandika “mizigo zangu zimefika?” kuna kijana wa Dar atakayemsahihisha kabla hajajibiwa kama mizigo yake imefika. Naye Mkenya atalipiza kwa kutucheka namna tunavyoomba hata kitu tunacholipia: “samahani, naomba nikuulize, samahani tena.” Mkongo akisema “batoto” au “njo vile” (yaani ndivyo hivyo), zinafuata alama za kicheko mstari mzima. Kwa hiyo kila mjadala wa siasa kwetu huja na wa pili mgongoni, wa nani anajua Kiswahili. Nimeuona huo wa pili ukiumeza wa kwanza mara nyingi, ndiyo maana nataka kuueleza kwa kirefu.

Oktoba 2024 tulikuwa tunaelekea uchaguzi wa serikali za mitaa, ule wa tarehe 27 Novemba. Mzee mmoja Msukuma, mwenye mitumbwi kisiwani Kome, alituma sauti ndefu. Alikuwa anaeleza jambo ambalo wengi wetu hatukulielewa: kwamba kadi ya mpiga kura uliyo nayo mfukoni haikuingizi kwenye orodha ya kitongoji. Uchaguzi wa mitaa una orodha yake, na kila mkazi alitakiwa kwenda kujiandikisha upya kati ya tarehe 11 na 20 Oktoba hapo anapoishi, hata kama yumo kwenye daftari la kudumu. Mzee aliongea taratibu, kwa mfano wa wavuvi wanaohama kambi kufuata samaki, ambao wangejikuta hawamo popote. Ni maelezo bora kuliko yote niliyoyasikia mwaka ule, na nilikuwa nasikiliza redio kila siku.

Sasa, mzee hana herufi ile ya kutetemesha ulimi. Kwake “kura” inatoka “kula”, kama inavyotoka kwa wazee wengi wa huku. Akasema tukajiandikishe ili tupate kula. Dakika haijaisha, kijana mmoja akaleta stika: sahani ya ugali na sato, juu imeandikwa KULA NI HAKI YAKO. Akafuata mwingine na sufuria. Akafuata mwingine. Nakiri stika ya kwanza ilikuwa imetengenezwa kwa ustadi. Lakini ilipofika jioni hakuna aliyekuwa amejibu hoja ya mzee, hakuna aliyeuliza kituo kiko wapi, na yeye hakusema neno tena wiki nzima. Wapo wanachama wetu ambao siku ya kupiga kura walirudishwa kwa sababu ileile aliyokuwa ameieleza.

Tangu 2022 WhatsApp imempa admini uwezo wa kufuta ujumbe wa mtu yeyote kwenye grupu, na hiyo naihesabu kama huduma kubwa. Nilizifuta stika zote zile. Kisha nikairudisha sauti ya mzee juu kwa kuijibu, nikauliza swali lake upya kwa sauti yangu. Huu uwezo wa kuujibu ujumbe wa juu ukaonekana pamoja na jibu lako wengi hawauthamini. Kwenye grupu lenye watu wengi ndio unaozuia hoja isizame. Ningekuwa na nafasi ya kumfundisha mwanachama mpya kitu kimoja tu, ningemfundisha huo.

Sauti zimekuwemo kwenye WhatsApp tangu 2013, na mwaka 2021 kikaongezwa kitufe cha kuzisikiliza haraka, moja na nusu au mara mbili. Kwa bei za mzigo kitufe hicho ni kizuri. Kwa mjadala nakiogopa. Mzee wa Kisukuma ukimkimbiza mara mbili anasikika kama kichekesho hata akisoma tanzia, na Mkongo wa Lubumbashi, ambaye sentensi zake zinapanda na kushuka kwa namna yake, humuelewi kabisa. Kwetu tumekubaliana kwamba sauti ya hoja inasikilizwa kwa mwendo wake. Hakuna anayeweza kuhakikisha, lakini majibu yenyewe yanaonyesha nani kasikiliza na nani kakimbiza.

Kwa nini nasema sauti inashinda maandishi? Anayeandika anaweza kuchukua maneno ya mtu mwingine. Anayeongea, hata akiwa amekariri, atakwama mahali, atavuta pumzi, ataingiza “gete” yake ya Kisukuma katikati ya sentensi, nawe utajua ni yeye. Tozo za miamala zilipoanza Julai 2021, maandishi yaliyozunguka yalikuwa yaleyale kila grupu, ya kulaani na ya kutetea. Kilichotufunza ni sauti ya mama mmoja mwanikaji aliyepiga hesabu yake mwenyewe: pesa anayomtumia mwenye mtumbwi, anayomtumia mwanawe shuleni, na inayobaki akishakatwa mara zote hizo. Watetezi wa serikali na wapinzani wote walimjibu yeye, kwa namba zake. Hakuna aliyemwita majina.

Majina ndiyo yanayoua mabishano ya mtandaoni nchi hii. Anayesifia ni chawa. Anayepinga ni nyumbu. Anayetetea kwa maandishi marefu kapewa buku saba, ule msemo wa zamani wa kuwashutumu vijana wa Lumumba, yaani wa CCM, kwamba wanalipwa shilingi 7,000 kwa kazi ya kusifu. Ukiangalia vizuri, hakuna swali linaloweza kujibiwa baada ya neno hilo kutamkwa. Mtu aliyeitwa chawa atajibu nini zaidi ya kutafuta mnyama wake wa kurudisha? Nimeona kwenye grupu letu kwamba watu wanaandika “chawa” kwa wepesi sana, ila kulitamka kwa sauti yao, kumwambia baba wa watu ambaye wamekula naye pale Mwaloni, wanashindwa. Wakiongea wanasema “kaka, hapo sijakuelewa” au “mzee wangu, naomba nikupinge kidogo.” Hapo ndipo ule unyenyekevu wetu wanaoucheka Wakenya unapoonyesha kazi yake: unamwachia mwenzako mlango wa kujibia.

Sitaki mtu aondoke na picha kwamba sipendi utani. Napenda, na siasa yetu bila utani ingekuwa nzito kubeba. Novemba 2015 ilisambaa mtandaoni ile alama ya #WhatWouldMagufuliDo, wakati Rais John Magufuli anakata matumizi na kufuta sherehe za Desemba 9 ili watu wafanye usafi. Ilikuwa kwa Kiingereza, lakini hapa Mwanza ilitufikia kwa skrinshoti, simu hadi simu, na tukacheka kwa sababu kila aliyeshiriki alileta kitu cha nyumbani kwake mwenyewe, namna anavyobana matumizi jikoni au chumbani, akauliza Magufuli angefanyaje. Walijicheka wao kwanza. Kiongozi alisifiwa na kutaniwa kwa pumzi moja, na Watanzania na Wakenya wakacheka pamoja, jambo lisilotokea kila siku.

Utani wa lugha nao una wa namna hiyo. Kuna ule wa zamani kila mtu anaujua, kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania bara, kikaugua Kenya, kikafa Uganda, kikazikwa Kongo. Kila ifikapo Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, lazima mtu autume. Mwaka mmoja kaka wa Lubumbashi akajibu kwa sauti, bila haraka: “Kama kilizikwa kwetu, njo vile, basi kaburi ndiyo inawalipa pesa ya dagaa.” Grupu zima lilicheka, na wa kwanza kucheka alikuwa aliyeutuma. Utani ule haujarudi tena. Ningetamani vijana wetu wajifunze kwake: alimjibu mtu kwa Kiswahili chake mwenyewe, bila kukiombea radhi.

Na nyuma ya kicheko pana jambo la kweli. Kiswahili sanifu tunachowapigia Wakenya kifua kilijengwa juu ya Kiunguja, na kuanzia 1930 kikasimamiwa na kamati ya lugha ya makoloni ya Uingereza: Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Msukuma wa Magu alikikuta shuleni kama Mjaluo wa Kisumu alivyokikuta. Kuzunguka ziwa hili lote hakuna aliyezaliwa nacho kutoka kwa bibi yake, isipokuwa wachache wa mijini. Tumekifanya chetu kwa kukitumia, kwenye mwalo, kwenye meli, kwenye siasa. Mtu wa Kirumba anayemcheka mtu wa Sirare kwa sababu ya “zangu” na “yangu” anasahau kwamba mtu wa Tanga angeweza kumcheka yeye kutwa nzima.

Jambo hili lilinigusa zaidi mwaka 2023, kipindi cha mkataba wa bandari na Dubai, ule wa kampuni ya DP World. Bunge liliridhia Juni 10, na kuanzia hapo grupu halikulala. Mkataba ulizunguka kama faili la PDF, kwa Kiingereza, katika nchi ambayo mwaka 2021 ilikuwa imepitisha sheria ya kufanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Watu walikuwa wanapiga kelele juu ya ibara ambazo hawajazisoma, wengine wakitetea ibara ambazo nao hawajazisoma. Fowadi zilikuja kwa mafungu. Ndipo yule wakala wa Sirare, ambaye wengi humtania kwa Kiswahili chake, akajitolea. Alizisoma ibara zilizokuwa zinabishaniwa moja moja, akazieleza kwa sauti, kwa Kiswahili kile kile cha “mkataba zote” tunachokicheka, na palipokuwa na neno la kisheria alilirudia kwa njia mbili tatu mpaka likaeleweka. Hakusema yuko upande gani. Waliounga mkono waliendelea kuunga mkono na waliopinga wakaendelea kupinga, lakini sasa mtu aliuliza: “Ile ibara ya muda wa mkataba, umeisema inaishia wapi?” Hilo ndilo swali la raia, na lilitokana na sauti ya mtu tuliyezoea kumsahihisha sarufi.

Kuhusu fowadi, WhatsApp wamefanya kazi ya kusifiwa. Tangu Januari 2019 ujumbe unaweza kuupeleka kwa watu au makundi matano tu kwa wakati mmoja, na tangu Aprili 2020 ule uliokwisha kupita mikono mingi, wenye mishale miwili, unaupeleka sehemu moja moja. Wavivu wanalalamika. Mimi nimeona faida yake: uongo unachoka njiani. Mishale miwili kwetu ni swali tayari, “hii umeisoma au umeipitisha?” Aliyeipitisha anatakiwa aeleze kwa sauti yake kilichomo. Wengi wakifika hapo wanaifuta wenyewe.

Kipengele cha kutoka kimya kimya, kilicholetwa 2022, kimenigawanya. Zamani mtu akilefti kila mmoja alimwona, na kulefti kulikuwa kauli ya kisiasa kabisa, kama wabunge wanaosusia kikao. Watu walijua wamemuumiza mwenzao, na mara nyingi mmoja alimfuata inboksi kumbembeleza arudi. Siku hizi tunaoarifiwa ni maadmini tu. Heshima ya anayetoka inalindwa, hilo nalikubali kwa moyo wote, hasa kwa akina mama waliochoka kutukanwa. Lakini kazi ya kumfuata na kumwomba radhi imebaki kwa admini, ambaye huenda si yeye aliyekosea.

Mitandao mingine nitaipitia haraka. X ina watu wenye akili kali na utani mkali, ila pale unabishana na mgeni ambaye hutakutana naye popote, na tangu ilipofungiwa nchini Mei 2025 wengi wa huku hawaifikii bila kuzunguka. TikTok na Instagram maoni yanapita kama mafuriko, huwezi kumrudia mtu ukamuuliza. Hata hivyo stika nyingi nzuri zinaanzia huko.

Siwezi kutathmini huduma hii bila kutaja Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Hapo hakuna kipengele kinachokusaidia. Tulirudi kwenye kupiga simu za kawaida, zilipokubali, na kutuma watu. Mtandao uliporudi, hakuna aliyeuliza nani kashinda. Zilikuja sauti fupi fupi, kila mtu akitaja jina lake na mahali alipo, na kuuliza wa kwao. Watu waliokuwa wakiitana majina mabaya wiki iliyotangulia walikuwa wakitafutana kwa sauti, “mama, uko salama?”, “dogo wa Igoma kaonekana?” Nilizisikiliza zote kwa mwendo wake. Tangu siku ile sijaruhusu mtu yeyote kwenye grupu letu amtanie mwingine kwa lafudhi yake, na hakuna aliyepinga.

Kwa anayetaka kuanzisha grupu la namna hii: WhatsApp inaruhusu hadi watu 1,024, lakini usijaze. Weka watu mnaofahamiana kwa kazi au kwa mtaa, wasiozidi idadi ambayo admini anaweza kutambua sauti zao. Usiku wa manane funga, waandike maadmini tu. Kipengele kipo na kinafanya kazi. Zima upakuaji wa video wa moja kwa moja, maana bando la mtu mwenye mitumbwi kisiwani linaisha kwa video moja ya mkutano wa hadhara, ilhali sauti anaipata hata mtandao ukiwa dhaifu. Kura ya maoni itumieni kwa mambo ya grupu, kama siku ya kikao. Kwa siasa inawapanga watu pande kabla hawajasikilizana. Na mkiweza, simu za wazee wawekeeni WhatsApp ya Kiswahili. Kwenye Android lugha hiyo imo.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu moja: sauti ikifowadiwa inakwenda bila jina la mwenyewe. Inaonekana imesambazwa, basi. Maneno ya mzee wa Kome aliyoyasema kwa watu wanaomjua yanaweza kufika Mbeya au Nairobi yakiwa hayana mtu, yakabaki lafudhi tu ya kuchekwa. Kwa kitu ambacho uzuri wake wote ni kwamba kinambeba mtu na namna yake ya kusema, hilo ni pengo kubwa, na wanaoitengeneza wanapaswa kuliziba. Kwetu kwa sasa, anayeleta sauti ya mtu mwingine anaandika chini yake ni ya nani na kama mwenyewe kakubali. Asipoandika, naifuta.